Renji Haina Mheshimiwa

Watu wanaokutana kwenye renji za raia hapa kwetu ni mseto. Kuna mkulima wa ngano kutoka Moiben aliyerithi shotgani pamoja na shamba, na ikambidi atafute cheti chake mwenyewe. Kuna mfanyabiashara wa Eldoret mjini aliyeomba bastola baada ya kuvamiwa usiku. Kuna mwanajeshi mstaafu asiyeweza kumaliza mwezi bila kunusa baruti. Halafu kuna mgeni. Mgeni ni shemeji aliyekuja kutoka Nairobi kwa harusi, au mwenzako wa chama, au mkubwa fulani ambaye kila mtu anamwita mheshimiwa. Hajawahi kushika bunduki, au aliwahi mara moja na tangu siku hiyo anajihesabu fundi. Makala haya yanamhusu yeye, na zaidi yanakuhusu wewe uliyemwalika.

Taabu yenyewe inaanzia kwenye malezi yetu mema. Nyumbani mgeni hapewi amri. Mzee hakatizwi akizungumza, na kijana hamshiki mkono mtu wa rika la babake. Renji inataka kinyume cha yote hayo. Kijana wa miaka 25 aliyepewa usimamizi wa mstari anapaswa kumfokea mzee wa miaka 70 akigeuka na bastola mkononi, na mzee anapaswa kutii kwanza, kununa baadaye. Nionavyo mimi, ajali nyingi za renji zisingetokea kama aliyeiona hatari mapema asingeona haya kusema. Anaiona, anameza mate, anasema moyoni kwamba mzee huyu amemiliki bunduki kabla mimi sijazaliwa. Basi kabla hujazungumza na mgeni wako kuhusu risasi, zungumza naye kuhusu hili: pale mstarini yeyote anaweza kupaza sauti ya kusimamisha ufyatuaji, hata mtoto wa mlinzi, na kila mtu anasimama papo hapo bila kuuliza sababu.

Eldoret ina kila sababu ya kulielewa jambo hili. Hapa ndipo kilipo kiwanda cha risasi, kama wenyeji wanavyokiita, yaani Kenya Ordnance Factories Corporation, shirika lililo chini ya Wizara ya Ulinzi na lililoundwa mwaka 1997. Hapa pia, kwenye Kambi ya Moi, ndipo makuruta wa jeshi wanapofunzwa. Kuruta hapewi bunduki asubuhi akafyatua mchana. Anajifunza kuifungua, kuisafisha na kuikagua muda mrefu kabla ya kuona risasi, na siku ya kwanza ya shabaha mkufunzi yuko ubavuni mwake. Sisi raia tunataka kuyamaliza hayo yote Jumamosi moja kabla nyama choma haijaiva.

Tuanze na karatasi, tusikae sana hapo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inampa cheti mtu aliyetajwa kwenye cheti, kwa silaha iliyotajwa, kupitia Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Serikali hailichukulii jambo hili kwa mzaha: Desemba 2018 iliagiza raia wote wenye leseni wahakikiwe upya katika siku 90. Kwa hiyo usimkabidhi mgeni bastola yako kwa kudhani kwamba renji ni kisiwa nje ya sheria. Piga simu kwa uongozi wa renji kabla ya siku yenyewe, uliza kama kibali chao kinamruhusu asiye na cheti kufyatua, chini ya usimamizi wa nani, kwa silaha ya nani. Wakisita, mgeni atatazama. Kutazama si aibu.

Sasa tuingie uwanjani. Kanuni zinazofundishwa kwenye renji nyingi duniani ni nne, na umbo lake la leo lilienezwa na Jeff Cooper, mwanamaji wa zamani wa Marekani aliyefungua shule ya kufyatua huko Arizona mwaka 1976. Chukulia kila bunduki kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka macho na silaha viwe kwenye shabaha. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Utazikuta zimebandikwa ukutani, na wageni huzisoma kama wanavyosoma masharti ya benki.

Ya kwanza ndiyo inayodharauliwa zaidi, na ndiyo itakayonichukua muda. Kila mara mtu anapojeruhiwa husikika maneno yale yale: “Nilidhani haina kitu.” Mara nyingi mwenye kusema hivyo hakudhani tu, aliikagua, ila aliikagua kwa mpango uliopinduka. Bastola ya magazini ina mahali pawili pa kukaa risasi, kwenye magazini na kwenye chemba. Mtu akivuta sehemu ya juu nyuma, risasi ya chembani inaruka nje, yeye anaiona ikianguka na moyo unatulia. Lakini magazini bado imo ndani, na sehemu ile ikirudi mbele imekwisha ingiza risasi nyingine chembani. Kisha anachomoa magazini, anaiweka mezani kwa mbwembwe, na bastola iliyobaki mkononi ina risasi moja kamili. Mpango sahihi hauna mjadala: mtutu kwenye tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha, magazini itoke kwanza, ndipo uvute nyuma, ushikilie ikiwa wazi, utazame chemba kwa macho na uiguse kwa ncha ya kidole kidogo. Halafu mpe mwingine aitazame pia. Umpe ikiwa wazi hivyo hivyo. Na wewe unayepokea, hata kama umemwona mwenzako akiikagua sekunde mbili zilizopita, ikague tena. Hutakuwa umemtukana.

Wenye shotgani wana mtego wao. Ganda la geji 20 ni jembamba kuliko la geji 12, na likitumbukizwa ndani ya bunduki ya geji 12 linateleza mbele na kukwama kwenye mtutu. Mwenye bunduki anaona chemba tupu, anatia ganda sahihi nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza maganda ya geji 20 kwa rangi ya manjano. Usichanganye maganda ya aina mbili katika mfuko mmoja wa koti, na ukiazimwa bunduki tazama kwanza kilichochorwa kwenye mtutu.

Mgeni anayefyatua kwa mara ya kwanza apewe risasi moja. Ninasema moja, si magazini nzima ambayo ataifyatua “taratibu.” Mtu asiyezoea hajui bunduki itampiga teke kiasi gani. Inapompiga, mikono inapanda juu, kidole kinakaza triga bila yeye kutaka, na risasi ya pili inatoka mtutu ukiwa umeelekea kwingine. Tarehe 25 Agosti 2014, kwenye renji moja ya kitalii katika jimbo la Arizona, msichana wa miaka tisa alipewa Uzi, bunduki ndogo inayomimina risasi mfululizo. Ilimshinda nguvu, ikapanda, na mkufunzi aliyesimama kando yake akapigwa kichwani na kufariki. Mkufunzi huyo hakuwa mzembe wa mitaani. Alikuwa mtu wa kazi hiyo. Risasi moja ingepita hewani na somo likaendelea. Mgeni akifyatua tano, moja moja, na mikono ikatulia, mwongeze mbili. Kama ni mtoto, mwanzishe na bunduki ya upepo.

Kuhusu mavazi, mwambie kabla hajatoka nyumbani: viatu vilivyofunikwa, kofia yenye ukingo mbele, miwani ya kinga, na shati lililofungwa mpaka shingoni. Shati linachekesha wageni mpaka siku ganda la moto linaporuka kutoka kwenye bastola na kuingia kifuani. Kuungua kwenyewe si kitu, ni lengelenge. Hatari ni kwamba mtu anayeungua hurukaruka, na huyu anarukaruka akiwa na bastola iliyojaa. Mfundishe mapema: ganda likikuingia shatini, vumilia, mtutu mbele, kidole nje, weka silaha mezani, ndipo ucheze ngoma yako.

Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, na asubuhi zake ni za jaketi. Hapo kuna jambo ambalo watu wa mabondeni hawalifikirii. Jaketi yenye kamba za kukaza kiunoni ni adui wa bastola. Mtu anairudisha bastola kwenye ala, ncha ya kamba inaingia pamoja nayo, inajizungusha kwenye triga, na bastola inafyatuka ikielekea pajani. Kata kamba hizo, au vua jaketi ukifika mstarini, au ivute nyuma na utazame ala kwa macho kila unaporudisha silaha. Hakuna shindano la kurudisha bastola haraka. Kuhusu mvua, wakati wa masika alasiri hubadilika ghafla, na kosa la kawaida ni kuharakisha raundi ya mwisho kabla ya matone. Udongo ukilowa, miguu inateleza, na radi ikianza kupiga hakuna sababu ya watu wenye vyuma mikononi kubaki uwanjani. Panga shabaha ziwe asubuhi.

Kuna mlio ambao kila mwanachama anapaswa kuufahamu kama anavyoufahamu mlango wa nyumbani kwake. Umezoea “paa!” Safari hii inatoka “pup,” mkono hausikii teke, na shabaha haina tundu jipya. Baruti ilikuwa kidogo au haikuwapo. Fataki, yaani kiwashio cha baruti, peke yake ilikisukuma kichwa cha risasi kikaingia kwenye mtutu na kukaa humo. Ukivuta na kufyatua tena, risasi ya pili inakutana na ya kwanza ndani ya bomba lililozibika. Mazoea ya kufyatua haraka haraka ndiyo yanayoua hapa, kwa hiyo mwenzako aliye karibu akisikia “pup” kabla yako, ana haki ya kukupigia kelele. Simama, toa magazini, fungua, na mwite msimamizi auchunguze mtutu ikiwa silaha ni tupu. Tofauti na hilo ni pale triga inapovutwa na kukawa kimya kabisa. Hapo usigeuze bunduki kutazama ina nini. Mtutu ubaki kwenye tuta, hesabu polepole mpaka nusu dakika ipite, maana mara chache fataki huchelewa, ndipo ufungue.

Wakati wa mapumziko ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi kuliko wakati wa kufyatua. Watu wakiwa mstarini wamejawa na uangalifu. Amri ya kusitisha ikitolewa, kundi linakwenda mbele kutazama karatasi zao, mazungumzo yanaanza, na mmoja aliyebaki nyuma anaona ni wakati mzuri wa kuchezea bastola yake mezani. Haruhusiwi. Watu wakiwa mbele, hakuna anayegusa silaha, hata kuifuta vumbi, hata kuisogeza ipishe chupa ya maji. Renji zilizo makini zinachora mstari nyuma ya meza na kila mtu anarudi nyuma ya mstari huo. Kama renji yako haina, nunua rangi.

Na simu. Mgeni anataka picha, na picha nzuri kwake ni ile anayotazama kamera huku bastola iko mkononi. Kugeuza uso ni kugeuza mabega, na mabega yanakwenda na mikono. Mtutu unafagia watu wote walio nyuma. Mpigie picha ukiwa nyuma yake, au mwambie aweke silaha kwanza kisha asimame kando ya karatasi yake yenye matundu. Hiyo picha ndiyo ya kuweka kwenye simu hata hivyo.

Kanuni ya nne, ya kilicho nyuma ya shabaha, inawahusu zaidi wale wanaojitengenezea renji shambani. Sikiliza takwimu moja tu. Risasi ya .22, ndogo kuliko zote za kawaida, huandikwa kwenye kasha lake onyo kwamba inaweza kufika maili 1.5, yaani karibu kilomita 2.4. Kwenye Uasin Gishu ya mashamba yaliyonyooka, hiyo ni shule ya msingi ya jirani, kisima, na kituo cha kukusanyia maziwa. Shamba la mahindi yaliyofika kichwani halizuii risasi. Linaficha watu tu. Ua wa mikalitusi haufai, na kilima kilichojaa mawe ni kibaya zaidi kwa sababu kinazirudisha. Kinachofaa ni tuta nene la udongo usio na mawe, refu kuliko unavyoweza kukosea, na uongozi wenye kibali cha kuendesha jambo hilo. Ukitumia bamba la chuma kama shabaha, usilikaribie chini ya mita kumi kwa bastola, na bamba liwe limeinama kidogo mbele ili vipande viingie ardhini. Bamba lenye mashimo litupwe, maana kila shimo hurudisha vipande kule usikotarajia.

Majirani nao wana haki ya kujua. Tupeperushe bendera nyekundu siku za kufyatua na tuwaambie wachungaji. Tena tusiache chochote nyuma. Wakenya wanajua gharama ya kuacha: mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228, wahanga na jamaa za wahanga wa mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi vya Archer's Post na Dol Dol. Renji ya raia haina mabomu, lakini ina risasi zilizoanguka kwenye nyasi, na mtoto akiokota risasi ataigonga kwa jiwe aone itafanyaje.

Mlio na madini ya risasi huumiza bila damu, kwa hiyo hupuuzwa. Mlio wa bunduki huzidi desibeli 140, na usikivu ukipotea haurudi. Pamba haisaidii. Vaa vizibo vya masikioni na juu yake vifuniko, hasa chini ya paa la mabati linalorudisha sauti, na kwa sababu sasa hamsikiani, kubalianeni ishara ya mkono ya kusitisha. Kuhusu madini ya risasi, moshi na vumbi la renji vina sumu hiyo, kutoka kwenye vichwa na kutoka kwenye fataki. Kenya imejionea madhara yake Owino Uhuru, Mombasa, mtaa uliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mahakama mwaka 2020 ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwenye renji kipimo ni kidogo mno kulinganisha na huko, lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo usile wala usivute sigara mstarini, na chai ya thermosi ibaki garini mpaka umenawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi. Nguo za renji zifuliwe peke yake. Mjamzito asifyatue, asisimame karibu, na asiokote maganda. Watoto ndio tunaowapa kazi hiyo ya kuokota maganda kwa sababu wana migongo myepesi, tuache.

Pombe sitaipigia kelele. Bia moja kabla ya kufyatua inatosha kukufanya mtazamaji siku hiyo. Aliyeamka na uchovu wa pombe ya jana naye ni mtazamaji.

Msemo wa ajali haina kinga tuuache matangani. Hapa kinga ipo, na hata ikishindikana bado kuna dakika chache za kuokoa mtu. Kila renji iwe na kisanduku chenye ukanda wa kubania damu, bandeji pana na mkasi, na watu wawili waliofundishwa kuvitumia. Dawa za maumivu na plasta za vidole hazizuii damu ya paja. Bana juu ya jeraha la mkono au mguu mpaka damu ikome, andika saa uliyobana, usilegeze njiani. Kabla ya raundi ya kwanza mteueni dereva, gari lielekezwe langoni, na watu wajue wanakwenda wapi. Kwa renji za karibu na Eldoret ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na anayeendesha aijue njia ya kukwepa malori ya Malaba yanayojazana Uganda Road. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Mkimaliza, msiagane kwenye maegesho na bastola viunoni zikiwa hazijakaguliwa. Majeshi yaliyofuata desturi za Uingereza yana tabia nzuri ya kuigwa: kabla ya kuondoka, kila askari anatangaza kwamba hana risasi wala ganda. Mgeni ageuze mifuko nje mbele yako. Hii si dharau. Kuwa na risasi bila cheti ni kosa kama kuwa na bunduki bila cheti, na shemeji akisahau moja kwenye suruali, mashine ya ukaguzi ya Uwanja wa Ndege wa Eldoret itaikumbuka Jumatatu asubuhi. Silaha ikifika nyumbani iingie kwenye sefu kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya chai, kabla ya kusimulia.

Kama una mgeni Jumamosi hii, mpigie leo usiku. Mwambie viatu vya kufunika, shati la kola, jaketi isiyo na kamba, na kwamba atapewa risasi moja kwanza. Mwambie pia kwamba msimamizi ni kijana mdogo na huenda akamfokea mbele za watu. Akikasirika kwa hilo, mwache nyumbani.